Ramani ya taimingi kwenye Datsun ya injini L iliyofanyiwa kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wenye Datsun 1600, 160J na 180B ambao wamebadilisha kamshafti, kabureta au kompresheni, na sasa wanataka kuweka taimingi ya kompyuta mahali pa distributa (kifaa cha zamani kinachogawa cheche kwa kila plagi). Injini inayozungumzwa ni L ya silinda 4: L16 (cc 1595), L18 (cc 1770) na L20B (cc 1952). Bloku yake ni ya chuma kigumu. Edgar Herrmann alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1970 akiwa na 1600 SSS, na ndiyo maana hadi leo kuna watu wanaozitunza kama mboni ya jicho.

Digrii zote humu ni za krankshafti, kabla ya pistoni kufika topu (mwisho wa juu wa mwendo wake), isipokuwa pale palipoandikwa vingine.

## Msingi

1. Ramani ya taimingi ni kitu gani?

Ni jedwali. Upande mmoja una mizunguko ya injini kwa dakika, upande mwingine una mzigo wa injini, na kila kisanduku kina namba moja: plagi itoe cheche digrii ngapi kabla ya topu. Injini ikiwa katikati ya visanduku, kompyuta hupigia hesabu vile vinne vilivyo jirani.

Namba hubadilika kwa sababu petroli haiungui papo hapo. Tunachotafuta ni shinikizo ndani ya silinda lifike kileleni digrii 14 hadi 18 hivi baada ya topu, pistoni ikiwa imeanza kushuka. Kwa mizunguko 1,000, krankshafti hugeuka digrii 6 kila milisekunde. Kwa 6,000 hugeuka digrii 36 katika muda uleule. Kwa hiyo cheche lazima itangulie zaidi. Haitangulii mara sita, kwani hewa huvurugika zaidi injini inapozunguka kasi na moto nao husambaa upesi. Ndiyo maana namba hupanda haraka hadi 3,500 hivi, kisha hutulia.

Mzigo hufanya kinyume. Ukikanyaga mafuta hadi chini, silinda hujaa, mchanganyiko unasongamana na kuungua haraka, hivyo unahitaji digrii chache. Ukitembea taratibu barabara tambarare, mchanganyiko ni mwepesi na una mabaki ya moshi ndani yake. Huo unaungua polepole na unaweza kutaka digrii 40.

2. Distributa ilikuwa ikifanya hivyo tangu zamani. Kwa nini niitoe?

Huenda huna haja. Kama distributa yako haina mchezo kwenye bushi, na ulichobadilisha ni kabureta na eksosi tu, fundi anayejua kubadilisha springi za vyuma vya advansi (vinavyotanguliza cheche mizunguko ikipanda) atakufikisha vizuri kwa gharama ndogo.

Kuitoa kuna maana ukiwa na kamshafti kali au kompresheni iliyopandishwa. Vyuma na springi huchora mstari mmoja tu, na vakyumu huongeza kwa kufuata mvuto wa hewa tu, bila kujali mizunguko. Haviwezi kupanda, kutulia, kisha kurudi nyuma kidogo mahali ambapo injini inaanza kugonga (mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda). Ishara nyingine ni alama ya puli kucheza chini ya taa ya taimingi (inayomweka kila cheche inapotoka) badala ya kusimama: bushi zimekwisha, na kila silinda inapata taimingi yake.

Njia ya kati ni distributa inayopangwa kwa kompyuta, kama 123ignition. Inakaa pale pale, nyaya ni chache, na gari linabaki na sura yake. Kwa mtu anayejali mwonekano wa zamani chini ya boneti, mimi humshauri aanze na hiyo.

3. Vifaa ni vipi nikiamua kuacha distributa kabisa?

Gurudumu la meno 36 lenye jino moja lililoondolewa, linalofungwa kwenye puli ya krankshafti; sensa inayosoma meno hayo; pakiti ya koili mbili; na kompyuta yenyewe. Wengi hutumia MegaJolt pamoja na moduli ya EDIS ya Ford (inayosoma sensa na kuwasha koili), wengine Speeduino au Megasquirt. Koili moja huwasha silinda 1 na 4 kwa pamoja, nyingine 2 na 3. Cheche moja hufanya kazi, ya pili huishia kwenye moshi bila madhara.

Mambo mawili ya injini hii. Mhimili unaozungusha distributa ndio huohuo unaoendesha pampu ya oili, kwa hiyo mhimili unabaki. Unatoa distributa ya juu na kuziba tundu. Na utumie plagi zenye herufi R, kwa mfano BPR6ES badala ya BP6ES, pamoja na waya za plagi zenye rezista. Waya za shaba tupu husumbua sensa, na utahangaika na misi (cheche kukosa) ambayo haipo kwenye ramani.

## Kabla ya kugusa namba yoyote

4. Puli yangu ina alama ya kiwandani. Haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo ningekuomba utumie nusu siku nzima. Alama ikidanganya digrii 6, kila namba utakayoandika kwenye ramani itadanganya digrii 6. Injini hizi zina miaka zaidi ya 40. Puli zimebadilishwa, kava za mbele zimetoka kwenye injini nyingine, na puli zenye mpira katikati huachia: pete ya nje yenye alama huteleza huku kitovu kimebaki mahali pake.

Tafuta topu ya kweli hivi. Toa plagi zote. Chukua plagi kuukuu, vunja kauri, ingiza bolti ndefu yenye ncha ya mviringo na uichomelee vizuri. Hicho ni kizuizi. Hakikisha pistoni ya kwanza imeshuka, kisha kifunge silinda 1. Zungusha krankshafti kwa spana, kwa mkono, taratibu, hadi pistoni iguse bolti. Weka alama kwenye puli mkabala wa kielekezi. Rudisha upande wa pili hadi iguse tena; weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo topu. Usitumie stata katika kazi hii hata kidogo.

Ukishapata topu, chora mwenyewe digrii nyingine. Puli ya kipenyo cha mm 150 ina mzingo wa mm 471, kwa hiyo digrii 10 ni mm 13.1. Kata utepe wa karatasi, pima, ubandike, kisha kwaruza alama kwa msumeno na ujaze rangi nyeupe. Pima kipenyo cha puli yako wewe. Usinakili hesabu yangu.

5. Kompyuta inasema digrii 10, taa yangu inasoma 20. Nani mkweli?

Kama taa yako ina kitufe cha kuzungusha digrii, na unatumia koili za jozi, taa ndiyo inayokosea. Inasubiri cheche moja kila mizunguko miwili, lakini sasa inaona moja kila mzunguko, hivyo inaonyesha maradufu. Iweke kwenye hali ya injini ya 2-stroku kama inayo, au weka kitufe kwenye sifuri na usome alama ulizochora katika swali la 4. Hii ya pili ndiyo ninayoiamini.

Kwa wenye EDIS kuna kipimo rahisi: chomoa waya wa amri kutoka MegaJolt. Moduli itabaki kwenye digrii 10 peke yake. Kama taa haionyeshi 10, sensa au gurudumu limekaa vibaya. Kwa moduli ya silinda 4, sensa inatakiwa kutazama pengo la jino pistoni ya kwanza ikiwa digrii 90 kabla ya topu.

6. Kompyuta na taa zinakubaliana kwa mizunguko 1,000 lakini zinaachana kwa 5,000.

Kwanza badilisha nyaya mbili za sensa, ya huku iende kule. Sensa ya sumaku iliyofungwa kinyume huwasha injini vizuri kabisa, lakini taimingi huteleza kadiri mizunguko inavyopanda. Kisha angalia nafasi kati ya sensa na meno, mm 0.75 hadi 1. Mwisho, kompyuta nyingi zina kipengele cha kufidia ucheleweshaji. Weka taimingi moja isiyobadilika, tuseme 20, panda taratibu hadi 5,000, na rekebisha hadi alama isisogee.

7. Nianze na kabureta au taimingi?

Kabureta. Mchanganyiko mkavu (wenye petroli chache) huungua polepole na kwa joto kali, kwa hiyo utapeleka taimingi mbele kufidia kosa la jeti, na siku utakapobadilisha jeti ramani yote imeharibika. Kwa mafuta yote chini, lenga uwiano wa hewa kwa petroli wa 12.5 hadi 13 kwa 1. Rekebisha pia valvu kabla.

## Kujaza ramani

8. Nipeni namba za kuanzia.

Hizi ni za L16 au L18 yenye kompresheni ya 9.5 hivi, kamshafti ya wastani, bila tabo (turbo), na petroli ya RON 95 (RON ni kipimo cha oktani). Namba za kushoto ni shinikizo la hewa kwenye manifoldi kwa kPa, kubwa zaidi mzigo ukiwa mkubwa; za juu ni mizunguko kwa dakika.

| kPa | 800 | 1,500 | 2,500 | 3,500 | 4,500 | 6,000 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 100 | 10 | 14 | 22 | 27 | 30 | 32 |
| 80 | 12 | 18 | 26 | 30 | 33 | 34 |
| 60 | 14 | 22 | 31 | 35 | 36 | 37 |
| 45 | 15 | 26 | 35 | 39 | 40 | 40 |
| 30 | 14 | 26 | 36 | 40 | 40 | 40 |

Zimewekwa nyuma kidogo kwa makusudi. Kompresheni ya 10.5 na kuendelea, toa digrii 3 kwenye safu mbili za juu kabla ya kuwasha gari.

9. Nitajuaje kila kisanduku kimefika?

Ongeza digrii 2, pima nguvu, ongeza tena. Nguvu itapanda, kisha itaacha kupanda. Rudi hadi digrii chache kabisa zinazotoa nguvu ileile. Zaidi ya hapo unaongeza joto na shinikizo bila kupata chochote. Watu wengi hudhani lazima injini igonge ndipo wajue wamefika. Kwenye safu za chini, injini hupita kiwango chake bora bila kutoa sauti yoyote.

Dainamomita, mashine ya kupimia nguvu ya injini, ndiyo njia safi. Bila hiyo, tafuta mlima mmoja usio na magari, gia ya tatu, na upime sekunde kutoka 2,000 hadi 4,500. Mtu wa pili ndiye ashike saa na lapitopu. Mara tatu kila upande, kwa sababu upepo unadanganya. Kwa mwendo wa kawaida, kanyaga kiasi kilekile barabara tambarare na uone ni taimingi gani inayofanya kasi ipande yenyewe.

10. Injini ikigonga inasikikaje?

Kama mtu anayetikisa misumari midogo ndani ya kopo, juu juu, hasa ukikanyaga ghafla kwenye gia kubwa. Usichanganye na kugonga kwa beringi, ambako ni kuzito, kunatoka chini, na hakukomi ukirudisha taimingi nyuma.

Kwenye gari lenye eksosi wazi hutasikia kitu hadi umechelewa. Tengeneza kisikilizio: bomba la shaba, ponda ncha moja, toboa tundu, lifunge kwenye bolti ya bloku, ncha nyingine unganisha mpira mrefu hadi kwenye vizuia kelele vya masikio. Kwa silinda ya mm 83, mlio wenyewe ni karibu kHz 6.9, mkali kuliko sauti nyingine za injini. Ukiusikia mara moja hutausahau.

Plagi nazo husema. Zima injini ikiwa kwenye mzigo, toa plagi, itazame kwa lenzi kwenye jua. Vidoadoa vyeusi kama pilipili manga kwenye kauri nyeupe ni onyo. Chembe zinazong'aa kama fedha ni aluminiamu ya pistoni yako. Simama hapo hapo.

11. Silensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka tangu niweke kamshafti.

Tumia ramani yenyewe kuituliza. Kama silensa unayotaka ni 900, weka digrii 12 kwenye 900 na 18 kwenye 600. Injini ikitaka kuzimika inaongezewa advansi, inapata nguvu na kurudi. Kwenye 1,100 weka 10. Hakikisha safu hazirukani ghafla, vinginevyo itayumba zaidi.

12. Stata inapigwa teke wakati wa kuwasha.

Taimingi ya kuwashia iko mbele mno. Digrii 5 hadi 10 zinatosha.

13. Tangu niweke ramani, gari linachemsha kwenye foleni.

Mara nyingi ni taimingi ya silensa iliyo nyuma sana. Moto unachelewa, unamalizikia kwenye eksosi, na joto linaingia kwenye silinda hedi badala ya kusukuma pistoni. Ongeza digrii 4 kwenye visanduku vya silensa, punguza skrubu ya hewa ili mizunguko irudi palepale, kisha tazama geji. Kama haikusaidia, tatizo ni la rejeta au feni.

## Mwinuko na mafuta

14. Ramani niliyoipanga Nairobi itafaa Mombasa?

Nusu yake tu. Kwenye mwinuko wa Nairobi hewa ina takriban kPa 82. Hata ukikanyaga hadi chini, injini isiyo na tabo haiwezi kuvuka hapo. Limuru ni 78 hivi, Arusha 86, Voi karibu 94, Mombasa 101. Maana yake, safu za 90 na 100 za ramani ya Nairobi hazijawahi kutumika. Hazijapimwa na mtu yeyote.

Nilijifunza hili kwa pistoni. L18 yangu ilipangwa Nairobi, ikaenda vizuri mno, na mimi nikanakili namba za safu ya 80 hadi safu ya 100 ili jedwali lijae. Mtito Andei tulipita salama. Baada ya Voi, gari limebeba watu wanne, nikawa napita malori kwa gia ya tatu huku madirisha yako wazi, sikusikia chochote. Tulipofika Mariakani moshi wa bluu ulikuwa nyuma yetu. Tulipofungua injini, ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili ya pistoni namba 3 ulikuwa umevunjika, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kimekwaruza silinda juu hadi chini. Kosa lilikuwa langu peke yangu.

Kwa hiyo: ukipanga bara, safu za juu ya shinikizo lako ziandike kwa kushuka, angalau digrii 2 kila kPa 10, na uzimalizie pwani. Anayepanga Dar es Salaam au Mombasa hana shida hii. Akipanda bara, injini yake itahamia yenyewe kwenye safu za chini ambazo tayari zimepimwa.

15. Mzigo nipime kwa sensa ya shinikizo au sensa ya throtili?

Kwa anayesafiri kati ya bara na pwani, shinikizo. Throtili iliyofunguka yote ni asilimia 100 Limuru na asilimia 100 Likoni, ilhali silinda zinabeba hewa tofauti kabisa. Ukilazimika kutumia throtili (swali la 17), kompyuta lazima iwe na sensa ya pili inayosoma hewa ya nje na kurekebisha.

16. Nimepata ramani ya Mmarekani anayetumia petroli ya 91. Yetu ni 95, si nitapata nafasi zaidi?

Hapana. Marekani huandika wastani wa vipimo viwili, sisi huandika RON. 91 yao inakaribia 95 yetu. Na hata mafuta yakilingana, ramani ya mtu ni ya kamshafti yake, hedi yake na joto lake. Isome ujifunze umbo lake, namba utafute mwenyewe.

Jaza kituo unachokiamini wakati wa kupanga, kisha baadaye acha digrii 2 za akiba kwenye safu za juu, kwa sababu safarini utajaza popote.

## Kesi za pembeni

17. Nina kabureta mbili za Weber na kamshafti ya mashindano. Shinikizo linarukaruka.

Kila koo la kabureta linapumua kivyake. Toboa kila tawi la manifoldi, unganisha mipira minne ya mm 3 au 4 kwenye kikopo kidogo, kisha kutoka hapo mpira mmoja hadi kwenye sensa. Mara nyingi hutulia vya kutosha. Kama silensa bado inasoma kPa 70 na kuruka, hamia throtili, na uzingatie swali la 15.

18. Nikiweka tabo?

Safu za juu ya 100 ziongezwe, na kila kPa 7 za tabo zirudishwe nyuma digrii 1 hadi 2 kama mwanzo. Punguza kompresheni kwanza, na tumia plagi baridi zaidi. Kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi. Hapa dainamomita na kisikilizio si hiari.

19. Gari langu Dar limefungwa mtungi wa gesi asilia.

Gesi inaungua polepole kuliko petroli na ina oktani inayopita 120, kwa hiyo inataka digrii zaidi. Ramani moja haitatosha zote mbili. Chukua kompyuta yenye nafasi ya ramani ya pili, na swichi ifungwe kwenye waya wa valvu ya gesi ili ibadilike yenyewe. Kurudi kwenye petroli huku ramani ya gesi ikiendelea ni njia fupi ya kufika kwenye swali la 14.

20. Kitabu cha distributa kinasema advansi ni digrii 14. Mbona wengine husema 28?

Distributa huzunguka nusu ya krankshafti. 14 za distributa ni 28 za krankshafti. Kisha ongeza ile ya kuanzia: ikiwa 8, jumla ni 36.

21. Kompyuta ikifa porini, nitafikaje?

Kwenye EDIS, MegaJolt ikizimika moduli hubaki kwenye digrii 10. Gari litakuwa zito na eksosi itapata moto, lakini utafika ukienda taratibu, chini ya mizunguko 3,000. Kinachosimamisha gari kabisa ni sensa ya krankshafti au waya wake. Beba sensa moja ya akiba, iliyokwisha kujaribiwa kwenye gari hilohilo, na geji ya kupimia nafasi yake. Kwa Speeduino na Megasquirt hakuna digrii 10 za dharura, kwa hiyo beba na kompyuta ya pili yenye ramani tayari ndani, ukiifunga kwenye mfuko usiopitisha vumbi.